Miaka 28 kanisa moja, kisha anaacha mimbari kwenda kuanzisha seminari: B. H. Carroll alikuwa anatafuta nini?

#1 Kalamu Mbovu

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna mtu ananisumbua kichwa wiki ya pili sasa. B. H. Carroll, mchungaji wa Kibaptisti wa Texas, karne ya 19. Alichunga First Baptist ya mji wa Waco tangu 1871 mpaka 1899. Watu wamezaliwa, wamebatizwa, wameoa na wamezika wazazi wao mbele ya ndevu zilezile. Halafu akiwa na miaka 55 anashuka mimbarini. Machi 1908, ana miaka 64, umri ambao wenzake wanagawia wajukuu vitabu, yeye anasajili Southwestern Baptist Theological Seminary, chuo cha kufundisha wachungaji, na kuwa mkuu wake wa kwanza. Seminari yenyewe haina hata jengo, imejibanza ndani ya Chuo Kikuu cha Baylor.

Kinachonishinda zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakusoma seminari hata siku moja.

Swali langu ni fupi: kwa nini? Mchungaji anapendwa, kanisa limesimama, anaacha kulisha kondoo aende kulisha wachungaji. Wenye uelewa njooni, ila jibu la "Mungu alimwita" mtu asilete likiwa peke yake. Alete na ushahidi.

#2 Dodoki

Nimetandika mkeka, nasubiri wajuzi.

#3 Mzee Msasa

Kalamu Mbovu, jibu ulilolipiga marufuku ndilo alilolitoa mwenyewe, sasa tufanyeje?

Ilikuwa 1905. Carroll yuko kwenye treni, anakatiza Panhandle, ile sehemu ya juu kabisa ya Texas, tambarare tupu mpaka macho yanachoka. Kwa simulizi yake, humo ndani ya behewa wazo la seminari lilimjia kwa nguvu kiasi kwamba alisikia kama Kristo yuko karibu naye, anamwambia afanye kazi hiyo na asiogope suala la fedha. Aliporudi hakukaa. Mwaka uleule idara ya theolojia ya Baylor ikapandishwa kuwa Baylor Theological Seminary. Miaka mitatu baadaye ikajitenga na kuwa Southwestern.

Unaweza kusema alikuwa amechoka na safari, unaweza kusema lolote. Lakini mtu akikuambia mwenyewe kwa nini alifanya jambo, angalau mweke kwenye orodha ya mashahidi.

#4 Fundi Hoja

Treni ni hadithi nzuri ya kuchangishia fedha, mzee wangu. Mimi nawapeleka Louisville, Kentucky.

Mpaka wakati ule Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walikuwa na seminari moja kubwa, Southern. Ilianza Greenville, South Carolina, mwaka 1859, ikahamia Louisville mwaka 1877. Mkuu wake miaka ya 1890 alikuwa William Whitsitt, naye alikuwa mwanahistoria. Akaandika kwamba Wabaptisti wa Uingereza hawakuwa wakibatiza kwa kuzamisha mwili wote majini mpaka mwaka 1641. Yaani desturi "ilirudishwa" karne ya 17.

Kwako wewe huo ni mjadala wa maktaba. Kwa Wabaptisti wengi wa Texas wa wakati ule, walioamini kanisa lao limeshuka moja kwa moja kutoka Mto Yordani, lilikuwa tusi. Carroll alikuwa mdhamini wa seminari hiyohiyo ya Louisville na alikuwa mstari wa mbele kumtaka Whitsitt aondoke. Mwaka 1898 alitoa taarifa kwamba mkutano wa mwaka unaofuata atapeleka hoja ya kuvunja uhusiano wa seminari na Konvensheni, yaani umoja wa Wabaptisti wa kusini. Whitsitt akajiuzulu, na 1899 akawa ameondoka.

Sasa angalia tarehe. 1899 Whitsitt anaondoka. 1899 Carroll anaacha kanisa Waco. Miaka sita baadaye ana seminari yake mwenyewe, Texas, chini ya macho yake. Mtu asiyeamini mpishi wa nyumba ya jirani huwasha jiko lake.

#5 Kalamu Mbovu

Fundi Hoja, hapo kwenye tarehe umenigusa. Asante. Hiyo 1899 mara mbili sikuiona.

#6 Mwalimu Kiraka

Ngojeni, mnakimbia kama mmeona moshi.

Sahihisho la kwanza kwa mwenye uzi. Carroll hakuacha mimbari ili aanzishe seminari. Mwaka 1899 aliondoka First Baptist kwenda kuwa katibu wa Tume ya Elimu ya Wabaptisti wa Texas. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kuchangisha fedha za kuokoa shule na vyuo vya Kibaptisti vilivyokuwa vinazama kwenye madeni. Seminari haikuwa kwenye karatasi yoyote.

Sahihisho la pili. Alikuwa anafundisha Biblia Baylor tangu 1872. Hesabu: mwaka mmoja baada ya kushika kanisa, tayari yuko darasani. Maana yake kwa zaidi ya robo karne Jumapili yuko mimbarini, katikati ya wiki ana vijana wanaotaka kuwa wahubiri wamekaa mbele yake. Kwa hiyo swali la "mchungaji aliyegeuka mwalimu" lina kasoro. Hakugeuka. Alikuwa na kofia mbili, akavua moja.

Kuhusu mwaka wa kuanza Waco, wapo wanaohesabu 1870 na wapo wanaohesabu 1871, tusipigane ngumi.

#7 Tarumbeta

Si ndiye huyo aliyefukuzwa na bodi juzi juzi kwa mambo ya wanawake? Nilisoma mahali.

#8 Mwalimu Kiraka

Tarumbeta, Carroll amefariki 11 Novemba 1914. Bodi ingemfukuzaje?

Unayemsema ni Paige Patterson. Seminari ni hiyohiyo, Southwestern, lakini yeye alikuwa mkuu kuanzia 2003 na wadhamini wakamwondoa Mei 2018. Naye aliwahi kuwa mchungaji, Fayetteville, Arkansas, kabla ya kuingia kwenye uongozi wa vyuo. Ule ni uzi mwingine, ufungue.

#9 Tarumbeta

Sawa mwalimu, nimekaa chini 😂

#10 Binti Mimbari

Mimi sina habari za Texas, nina za nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa mchungaji wa kanisa moja miaka 17. Siku moja ikasomwa barua kanisani: mchungaji ameitwa kwenda kuwa mkuu wa chuo cha Biblia. Watu wakalia, wakaimba, akina mama wakamfunga mama kanga mbili mbili. Neno lililotumika lilikuwa "wito". Niliamini hivyo mpaka nilipokuwa mtu mzima, mama akaniambia kwamba mwaka ule baba na mmoja wa wazee wa kanisa walikuwa hawasalimiani, na kila kikao kilikuwa kinaishia saa sita usiku. Chuo kilikuwa mlango, na mlango ulipofunguka alitoka.

Lakini, na hapa ndipo ninapotaka kufika, hata baba mwenyewe ukimuuliza atakuambia ni wito, na hadanganyi. Vyote viwili vilikuwepo. Chuoni kila Jumamosi usiku alikuwa anaandaa mahubiri kama zamani, kesho yake hana pa kuhubiri. Mama alikuwa anayakuta kwenye meza, kurasa nne, tano, yamepigwa mstari kwa wino mwekundu sehemu za kupaza sauti. Akaishia kuomba ruhusa ya kwenda kuhubiri gerezani.

Kwa hiyo mimi naomba mtu aniambie: Carroll na wazee wake wa kanisa walikuwa wanasalimiana?

#11 Dodoki

Wino mwekundu sehemu za kupaza sauti 😭 Binti Mimbari umenimaliza.

#12 Jirani wa Mbali

Binti Mimbari ameuliza la maana. Watu wanaangalia makaratasi ya konvensheni, hawaangalii nyumbani.

Mke wa Carroll, Ellen, alifariki 1897. Walikuwa wameoana tangu 1866, wana watoto tisa. Mwaka 1899 mzee akaoa tena. Mwaka huohuo akaacha kanisa. Wewe Fundi Hoja umeona 1899 mara mbili, mimi naiona mara tatu. Mwanamume amekaa kwenye kanisa lilelile ambalo mkewe alikaa benchi lilelile karibu miaka thelathini. Kila akiinua macho kutoka kwenye Biblia anaona pale mahali. Mimi ningehama hata kazi ya kuuza mkaa.

Tena huyo Ellen alikuwa mke wa pili. Ndoa ya kwanza aliifunga 1861, kijana wa miaka 17, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ikaingia, na 1863 ikaisha kwa talaka mahakamani. Mahakama ilimpa haki yeye. Lakini fikiria mchungaji wa Kibaptisti wa karne ile akiishi na historia hiyo.

#13 Sauti ya Nyikani

Jirani, hapo kwenye benchi unaandika riwaya. Huna ushahidi kwamba alikimbia kumbukumbu. Baylor iko Waco, na aliendelea kufundisha hapo mpaka 1910. Mtu anayekimbia kaburi hakai nalo mji mmoja miaka 13. Na amezikwa Waco, makaburi ya Oakwood.

#14 Jirani wa Mbali

Sikusema alikimbia mji. Nimesema alikimbia benchi.

#15 Sauti ya Nyikani

Haya benchi. 😅

Sasa nitoe langu. Mnasahau ukubwa wa nchi. Kutoka Waco mpaka Louisville ni zaidi ya kilomita 1,000. Kijana wa Texas anayetaka kusoma theolojia anapanda treni kwenda Kentucky, anakaa miaka mitatu, anapata kanisa la mjini huko huko, anaoa huko huko, harudi. Carroll mwenyewe alilia na jambo hili: tunawatuma mashariki, mashariki inawabakisha. Wakati huohuo Texas inajaa watu, reli inafungua miji mipya, na wahubiri waliobaki ni wakulima na wachunga ng'ombe ambao wengine hawakumaliza hata shule ya kawaida.

Ndiyo maana somo lake kubwa halikuwa Kigiriki. Lilikuwa Biblia ya Kiingereza, yote, Mwanzo mpaka Ufunuo, kwa mzunguko wa miaka minne. Mkulima mwenye wito na asiye na Kigiriki anaweza kukaa darasani humo na asiaibike. Masomo hayo ndiyo yaliyokuja kuchapishwa kuwa ufafanuzi mrefu wa vitabu vingi. Ukitaka kujua mtu aliijenga shule kwa ajili ya nani, usisome hotuba za ufunguzi, angalia somo la lazima ni lipi.

Kwangu mimi hakuna fumbo. Kulikuwa na uhitaji na yeye ndiye aliyekuwa na jina la kuukidhi.

#16 Mwalimu Kiraka

Sauti, nakubali nusu. Uhitaji unaeleza kwa nini seminari ilizaliwa, hauelezi kwa nini *yeye*. Texas ilikuwa na wahubiri wengi wenye jina.

Ila nataka nirudi kwa Fundi Hoja, bandiko #4, maana hoja yako ina shimo kubwa na naona watu wamelipita. Unasema Carroll aliwasha jiko lake kwa sababu hakuamini historia ya Whitsitt. Sawa. Sasa niambie nani alikuwa mwalimu wa historia ya kanisa pale Baylor na baadaye Southwestern.

#17 Fundi Hoja

Najua unakoelekea 😄 Albert Henry Newman.

#18 Mwalimu Kiraka

Ndiyo! Newman. Mwanahistoria mkubwa, alifundisha Toronto, McMaster, miaka ishirini kabla ya kuja Texas 1901. Na mwaka 1897, katikati ya moto wa Whitsitt, Newman alichapisha kitabu kizima kuhusu historia ya waliopinga ubatizo wa watoto, na humo hakuna mnyororo wa makanisa ya Kibaptisti kutoka Yordani. Kwa mstari wa historia alikuwa karibu na Whitsitt kuliko Carroll.

Sasa mtu aliyeanzisha seminari kwa hasira ya Whitsitt anamwekaje Newman kwenye kiti cha historia? Ni kama kufukuza paka kwa kuiba nyama halafu unamleta binamu yake jikoni.

#19 Fundi Hoja

Binamu mpole. Tofauti ni kwamba Whitsitt alikuwa *mkuu* na Newman alikuwa *mwalimu*. Carroll hakuogopa mwanahistoria, aliogopa mwanahistoria mwenye mhuri. Akiwa yeye ndiye mkuu, Newman anaweza kufundisha anachotaka, neno la mwisho liko kwa mwenye nyumba. Tena Newman aliondoka Southwestern 1913, Carroll akiwa bado hai.

Na usisahau ndugu yake. J. M. Carroll, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye wa kile kijitabu cha 1931 cha mnyororo wa makanisa, chenye chati ya duara nyekundu na nyeusi, ambacho mpaka leo kinazunguka makanisani. Mazungumzo ya mezani kwenye familia ile unayajua yalikuwa ya upande gani.

#20 Kalamu Mbovu

Kumbe ile chati ni ya mdogo wake?! Nimeiona imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya mchungaji mmoja, nikadhani ni ramani ya mabomba.

#21 Dodoki

RAMANI YA MABOMBA 😂😂😂 uzi umeniharibia kazi leo.

#22 Mwanafunzi wa Zamani

Naomba niseme la upande wa waliokaa kwenye viti.

Nimesoma chuo cha theolojia chini ya mkuu aliyetoka moja kwa moja kwenye uchungaji, na kabla yake chini ya mkuu aliyekuwa msomi tangu ujana. Tofauti ni mbingu na ardhi, na si zote nzuri. Yule msomi alijua muhula unaanza lini, maktaba ina vitabu vingapi, na nani hajalipa ada. Yule mchungaji hakujua hata kimoja. Lakini siku mwenzetu alipofiwa na mtoto, yule mchungaji aliingia bwenini saa nane usiku na koti juu ya nguo za kulalia, akakaa sakafuni mpaka asubuhi bila kuhubiri neno. Wiki iliyofuata mishahara ya walimu ikachelewa kwa sababu alisahau kusaini.

Kwa hiyo mtu akiniambia mchungaji kawa mkuu wa seminari, swali langu la kwanza ni moja: nani anasaini?

#23 Sauti ya Nyikani

Kwa Carroll usiwe na wasiwasi wa kusaini. Alikuwa mjumbe wa kamati, mwenye bodi, mtu wa vikao. Ndiye aliyekuwa nyuma ya George W. Truett, kijana wa miaka 20 na kitu, kutumwa kuzunguka Texas mwaka 1891 kulipa deni la Baylor. Truett alilipa dola milioni 92 ndani ya miezi 23, *baada ya hapo* ndipo akajiandikisha Baylor kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akakaa nyumbani kwa Carroll.

#24 Mzee Msasa

Milioni 92 mwaka 1891 ungenunua Texas na ng'ombe wake wote. Ni dola 92,000.

#25 Sauti ya Nyikani

Samahani wakuu, mzee yuko sahihi. Elfu 92. Nilichanganya na kampeni ya Scarborough, mkuu wa pili wa Southwestern, ile ya kuchangisha dola milioni 75 ya mwaka 1919. Ile watu waliahidi zaidi ya milioni 92, zikaja kama 58.

#26 Binti Mimbari

Waliahidi 92 zikaja 58. Hilo kanisa nalijua, ni letu sote.

#27 Mwalimu Kiraka

Truett ametajwa, basi tumtumie. Huyu ndiye mfano wa kumpima Carroll. Wadhamini wa Baylor walimtaka awe mkuu wa chuo kikuu akiwa bado kijana. Akakataa. Alisema ametafuta moyo wa mchungaji na ameupata, na akabaki First Baptist Dallas tangu 1897 mpaka kifo chake 1944. Miaka 47. Na huyu ni mtu aliyelelewa ndani ya nyumba ya Carroll, aliyeziona kofia zote mbili mezani.

Halafu kuna Spurgeon, mhubiri wa London, ambaye hakuona sababu ya kuchagua. Mwaka 1856 alianzisha chuo chake cha wachungaji akiwa na miaka 22 na hakushuka mimbarini mpaka alipokufa. Naye hakusoma chuo.

#28 Tarumbeta

Narudi na mguu wa kulia safari hii. Spurgeon alikosa chuo kwa sababu ya msichana wa kazi. Alipangiwa kuonana na Dk. Angus, mkuu wa chuo cha Stepney, kwenye nyumba moja Cambridge. Msichana akamweka Spurgeon chumba kimoja na Angus chumba kingine, akasahau kusema. Kila mmoja akasubiri kama saa mbili, Angus akaondoka zake. Hii sijakosea, naapa.

#29 Mwalimu Kiraka

Hii hujakosea. Umepanda daraja.

#30 Fundi Hoja

Kwenye wachungaji waliogeuka wakuu, mnamruka mtu aliyekuja baada ya Whitsitt. E. Y. Mullins. Mwaka 1899 (mara ya nne, Jirani!) alikuwa mchungaji wa kanisa la Newton Centre, Massachusetts, kaskazini huko, mbali na ugomvi wote. Louisville wakamchukua kwa sababu hakuwa na tope la upande wowote kwenye viatu. Akakaa mpaka 1928. Yeye hakutafuta, alitafutwa kwa kuwa hakuwepo. Carroll alikuwepo kwenye kila ugomvi: kampeni ya kupiga marufuku pombe mwaka 1887, alipambana na wanasiasa wakubwa majukwaani na kampeni ikashindwa, kisha mhariri wa gazeti Hayden, kisha Whitsitt.

Ndiyo maana sikubali neno "uhitaji" la Sauti. Carroll alikuwa mpiganaji. Kanisa la Waco lilikuwa limetulia mno kwa mtu kama yule.

#31 Mzee Msasa

Mmemsema mpiganaji, mjane, mwenye wivu na Louisville, mtu wa bodi. Hakuna aliyemsema kafiri.

Nawaletea hili kwa sababu naona ndilo lililo chini ya yote. Carroll alienda vitani upande wa Kusini akiwa amekwisha kuacha imani, kama aliwahi kuwa nayo. Alijeruhiwa Mansfield, Louisiana, Aprili 1864, akarudi nyumbani kwa mama yake amevunjika mwili na ndoa. Aliapa hatakanyaga kanisani. Mwaka 1865 mama yake akamsihi aende mkutano wa kambi wa Wamethodisti, akaenda na magongo yake. Mhubiri hakumwambia aamini. Aliuliza wale wasioamini kama wako tayari kuujaribu Ukristo kwa vitendo, kama mtu anavyojaribu kitu kuona kama kinafanya kazi. Carroll akainuka. Si kwa sababu ameamini, bali kwa sababu ameona changamoto ni ya haki. Mwaka uliofuata amewekewa mikono kuwa mhubiri. Alikuja kulihubiri tukio hili lote waziwazi.

Mtu aliyeokoka kwa njia hiyo ana deni na vijana wenye maswali. Kanisani Jumapili, wenye maswali hawaji, au wakija hawaulizi. Darasani wanauliza. Nadhani ndiyo maana tangu mwaka wa kwanza au wa pili wa uchungaji alikuwa tayari ana darasa. Treni ya 1905 ilikuja tu kumalizia safari iliyoanza na magongo.

#32 Jirani wa Mbali

Mzee Msasa, hii ndiyo ya kwanza inayonifanya niache benchi langu kidogo. Kidogo tu.

#33 Fundi Hoja

Nzuri sana, mzee, ila haifafanui kitu kimoja. Kama ni deni kwa wenye maswali, kwa nini kiti alichohangaikia cha pekee kilikuwa cha uinjilisti na si cha kujibu maswali? 1908 alimchukua L. R. Scarborough, mchungaji wa Abilene, kushika kiti hicho, wenyewe wakakiita kiti cha moto. Scarborough amesoma Baylor na Yale, lakini aliitwa kuwafundisha watu kwenda kuvuna roho, si kuketi na wenye shaka.

#34 Mzee Msasa

Na yule mhubiri wa kambi alikuwa nani kama si mwinjilisti? Fundi, soma tena bandiko langu polepole.

#35 Fundi Hoja

😂 nimesoma. Nimepigwa ila sijaanguka.

#36 Mwanafunzi wa Zamani

Kuhusu Scarborough, naye akawa mkuu baada ya Carroll, 1915 mpaka 1942. Kwa hiyo wakuu wawili wa kwanza wote walitoka mimbarini. Inasimuliwa kwamba Carroll akiwa kitandani anakaribia kufa alimshika akamwagiza aifunge seminari kwenye msalaba kama mtu anavyofunga mzigo kwa kamba usidondoke. Akamwambia pia pakiingia uzushi aende kwa walimu, wasiposikia aende kwa wadhamini, wasiposikia aende kwa konvensheni, na wote wasiposikia aende kwa washirika wa kawaida wa makanisa.

#37 Binti Mimbari

Subiri. Rufaa ya mwisho ya mkuu wa seminari ni kwa watu wa benchini?

#38 Mwanafunzi wa Zamani

Ndivyo inavyosimuliwa.

#39 Binti Mimbari

Basi huyo hakuwahi kuacha uchungaji. Au alikuwa hawaamini walimu wake mwenyewe. Baba yangu angesema la kwanza, mama yangu la pili.

#40 Fundi Hoja

Niko na mama.

#41 Sauti ya Nyikani

Niko na baba. Na tusisahau kwamba 1910 seminari ilipohama Waco, mji wa Fort Worth uliishinda miji mingine kwa kutoa kiwanja na fedha, na jengo la kwanza likaitwa Fort Worth Hall, si Carroll Hall. Mwenye tamaa ya jina angeanzia hapo.

#42 Jirani wa Mbali

Au waliotoa fedha ndio waliochagua jina. Ni Texas ile.

#43 Kalamu Mbovu

Wakuu, nilikuja na swali moja, sasa nina sita na majibu saba. Asanteni. Nimerudi kusoma kuanzia #3 na bado nabadilika kila bandiko.

Jambo dogo la mwisho kabla sijalala: ni kweli kwamba alikuwa anasoma kurasa 300 kwa siku? Nimekuta inasemwa mahali pengi.

#44 Mwalimu Kiraka

Inasemwa, ndiyo. Wanafunzi wake walikuwa wanaipenda sana hiyo. Mchungaji, mwalimu, mwenye bodi, watoto tisa, kurasa 300. Mimi namuuliza mke.

#45 Jirani wa Mbali

Yupi?

#46 Dodoki

Moderata, funga uzi kabla hawajamfufua mzee wa watu 😂